Mteremko wa Kapsokwony na Injini ya Mapigo Mawili

Mtu ashukaye kwa pikipiki kutoka Kapsokwony kwenda Kimilili hudhani kwamba kazi imekwisha, maana mlima u nyuma yake. Kwa pikipiki nyingi za siku hizi dhana hiyo si mbaya, mradi breki ziwe nzima. Lakini kwa injini ya mapigo mawili mteremko ulikuwa na hatari yake, na chanzo chake ni cha zamani.

Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya mapigo manne: pistoni huvuta hewa na mafuta, huvishindilia, huvichoma, kisha hutoa moshi. Pigo moja tu kati ya hayo hutoa nguvu. Mwaka 1891 Joseph Day, wa mji wa Bath nchini Uingereza, alipata hataza ya injini iliyofupisha safari hiyo; na mwaka uliofuata mfanyakazi wake, Frederick Cock, akaondoa vali ya mwisho iliyobaki. Pistoni yenyewe ndiyo ifunguayo na kuziba matundu ya ubavuni mwa silinda, na chumba kilicho chini yake hufanya kazi ya pampu. Pistoni ikipanda, hewa na petroli huingia humo. Ikishuka, husukumwa juu. Hivyo kila mzunguko una mlipuko wake.

Je, nguvu ni maradufu? Sivyo. Petroli mbichi huingia wakati tundu la moshi lingali wazi, na sehemu yake hutoroka bila kuchomwa. Aliyeitafutia dawa kubwa hasara hiyo ni Walter Kaaden, wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, katika miaka ya 1950. Alilipa bomba la moshi umbo la kutanuka katikati na kubanwa mwishoni, ili mshindo wa moshi urudi kama mwangwi urudivyo kutoka jabalini, na kuirudisha petroli silindani. Mwaka 1961 injini yake ya sentimita 125 za ujazo ilitoa nguvu za farasi 25. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi akiichukua siri hiyo, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia juu ya Suzuki.

Lakini mwangwi una saa yake. Injini ikizunguka polepole, hurudi mapema mno. Ikienda mbio kupita kiasi, huchelewa. Ndiyo sababu mwendeshaji akizungusha mkono wa mafuta injini hunung'unika kwanza, kisha ghafula nguvu zote huja pamoja. Suzuki ya mashindano ya mwaka 1967, yenye sentimita 50 tu, ilihitaji gia 14 ili isitoke katika nafasi hiyo nyembamba! Pikipiki za kazi, kama Yamaha AG100, ziliundwa kwa upole zaidi.

Sasa turudi mteremkoni. Kwa kuwa petroli hupitia chumba cha chini, oili haiwezi kuwekwa humo. Ilichanganywa na petroli yenyewe. Mkono wa mafuta, basi, ulitawala nguvu na ulainisho pia. Mwendeshaji aliyeufunga katika mteremko mrefu aliiacha injini izungushwe kwa kasi na gurudumu, huku petroli kidogo sana, na kwa hiyo oili kidogo sana, ikiingia. Pistoni yenye moto iliweza kung'ang'ania silinda, na gurudumu la nyuma likakwama. Waliojua walibana klachi, au walifungua mafuta kidogo mara kwa mara. Mwaka 1964 Yamaha ilileta pampu iliyochota oili katika tangi lake, ikifuata mkono wa mafuta na mzunguko wa injini pia; kwa hiyo haikusimama mteremkoni.

Bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli huko Busia katika miaka ya 1960, leo hutumia zaidi injini ya mapigo manne. Katika kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano, na kila injini hupungukiwa. Lakini hii huvuta tangu mzunguko wa chini, ijapokuwa imebeba abiria na gunia la viazi. Na katika kushuka, mkono wa mafuta ukifungwa, huizuia pikipiki isikimbie, kazi ambayo ile ya mapigo mawili huifanya kwa unyonge.