Elimu ya Sekondari kwa Njia Mbadala: Wanaosoma ni Akina Nani na Matokeo Yao Yasomwe Vipi

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, namba za vituo huanza kwa herufi mbili tofauti. S ni ya watahiniwa wa shule na P ni ya watahiniwa wa kujitegemea. Chini ya herufi P wamo wasichana waliosoma sekondari kwa njia mbadala katika vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW), na hao ndio wanaozungumzwa katika makala haya.

TEWW ni taasisi ya Serikali iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1975. Kupitia Mradi wa Kuboresha Elimu ya Sekondari (SEQUIP), inawapokea bila ada wasichana wenye umri wa miaka 13 hadi 21 waliokatiza masomo. Masomo huchukua miaka miwili badala ya minne. Hatua ya kwanza hubeba maudhui ya Kidato cha Kwanza na cha Pili na huishia kwenye Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kwa kifupi cha QT. Hatua ya pili hubeba Kidato cha Tatu na cha Nne na humalizika kwa mtihani wa Taifa wa Kidato cha Nne. Mtihani huo ni ule ule wanaoufanya wanafunzi wa shule.

Mkoani Simiyu wahitaji wa njia hii si wachache. Mkoa huo ulioanzishwa mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,584,157 katika Sensa ya mwaka huo, na Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Katika kata za wakulima wa pamba na wafugaji, kama Kimali wilayani Meatu, binti hukatiza shule kwa sababu zinazoshikana: umbali, kazi za shamba, mimba, na ndoa inayosukumwa na mahari ya ng'ombe. Takwimu rasmi za elimu kwa miaka mingi zimetaja utoro kuwa sababu kuu ya wanafunzi wa sekondari kuacha masomo nchini. Neno hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Msichana aliyeozwa kimyakimya, na familia ikakaa kimya, huonekana katika daftari la mahudhurio kama mtoro tu, ilhali marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi.

Kwa aliyekatiza masomo hivi karibuni, njia mbadala si lazima iwe ya kwanza kufikiriwa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, uliotolewa baada ya tangazo la Serikali la Novemba 24 mwaka huo, uliwafungulia wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata mimba, mlango wa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Mwongozo wa Februari 2022 umeweka muda usiozidi miaka miwili tangu kuacha shule. Muda huo ukipita, kituo cha TEWW ndicho kinachobaki, nacho kina ukomo wake wa umri. Binti wa miaka 20 anayeambiwa na nyumbani asubiri kwanza mavuno yapite anaweza kujikuta amevuka mstari akiwa bado anangoja.

Sasa matokeo. Mwaka 2023, watahiniwa wa shule waliofaulu Kidato cha Nne walikuwa asilimia 89.36. Ufaulu wa watahiniwa wa kujitegemea huwa chini ya ule wa shule, na wapo wanaohitimisha haraka kuwa vituo mbadala havifundishi. Hitimisho hilo halina msingi wa kutosha. Kundi la P linachanganya waliosoma darasani kituoni, waliojisomea nyumbani na wanaorudia mtihani ili kuongeza alama, hivyo asilimia yake moja haielezi kituo chochote. Aidha, aliyekaa nje ya shule miaka mitatu na ana mtoto wa kunyonyesha, akasoma vidato vinne kwa miaka miwili, hakuanza mbio mahali pamoja na mwenzake wa bweni. Swali la haki kwa kituo ni wangapi walioandikishwa, wangapi walifika chumba cha mtihani, na ndipo wangapi walifaulu.

Hata neno "kufaulu" lina mtego wake. Daraja la Nne hupatikana kwa alama D mbili tu, au C moja. Kwa hesabu ya pointi za masomo saba hiyo ni pointi 33. Lakini sifa ya chini ya kujiunga na mafunzo ya Astashahada ya Awali katika vyuo vingi ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Wasichana wawili wanaweza kuandikwa Daraja la Nne, mmoja akapokelewa chuoni na mwingine asipokelewe. Kwa hiyo mzazi ahesabu masomo yaliyofaulu kabla ya kutazama daraja. Anayekusudia kozi za afya aangalie pia Kemia, Baiolojia na Fizikia, masomo ambayo inafaa kuuliza mapema kama yanafundishwa kituoni.

Wavulana hawamo katika mpango huu wa SEQUIP. Wao, pamoja na wasichana waliovuka umri, wanaweza kujiandikisha kama watahiniwa wa kujitegemea. Asiyemaliza ngazi ya Kidato cha Pili hutakiwa kufaulu QT kwanza. Vijana wanaohitaji kusoma, kuandika, kuhesabu na stadi za ufundi wana mpango mwingine wa TEWW unaoitwa IPOSA.

Maombi na maelezo hupatikana katika ofisi ya TEWW ya mkoa au kwa Afisa Elimu wa Watu Wazima katika halmashauri husika; kwa mkazi wa Kimali, halmashauri hiyo ni ya Wilaya ya Meatu, makao yake Mwanhuzi. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika mwanzoni mwa mwaka na mitihani huwa Novemba. Wakati wa kwenda ni muhimu kuchukua cheti cha kuzaliwa na kumbukumbu zozote za shule ya awali, ikiwemo namba ya mtihani wa Darasa la Saba.