Shajara ya Picha ya James Augustus Grant, 1860–1863

Historia ya safari za Wazungu katika bara la Afrika Mashariki katika karne ya 19 imeandikwa zaidi kwa kutegemea shajara za maneno, yaani madaftari ambamo msafiri alirekodi kila siku hali ya hewa, mwendo wa msafara, bei ya vyakula na habari za watawala aliokutana nao. Sambamba na shajara hizo kulikuwa na shajara za picha, ambamo mtu, mmea, nyumba au mlima uliwekwa kwa penseli na rangi za maji siku ileile ulipoonekana au muda mfupi baadaye, na ambazo wanahistoria wamezitumia kwa uchache usiolingana na thamani yake. Miongoni mwa hizo, iliyo muhimu sana kwa nchi ambazo leo ni Tanzania na Uganda ni ile ya James Augustus Grant, ofisa wa Kiskoti wa jeshi la India aliyezaliwa Nairn mwaka 1827, ambaye alifuatana na John Hanning Speke, kiongozi wa msafara wa kutafuta chanzo cha Nile, kutoka Unguja mwaka 1860 hadi Gondokoro, kwenye Mto Nile, mwanzoni mwa mwaka 1863.

Uchoraji haukuwa kazi aliyopangiwa Grant hapo mwanzo. Msafara ulichukua kamera, na yeye ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kupiga picha. Lakini upigaji picha wa wakati ule ulidai vioo viandaliwe na kusafishwa kwa dawa ndani ya hema dogo lililozibwa nuru, na joto la hema hilo lilikuwa kali kiasi kwamba Speke alihofia afya ya mwenzake na kuiondoa kazi hiyo katika mpango. Grant akageukia rangi za maji, ambazo hazikuhitaji zaidi ya karatasi, brashi na kikombe cha maji. Inafaa kusisitizwa kwamba badiliko hili, lililoletwa na dhiki, liliipa historia kitu ambacho kamera ya siku hizo isingeweza kutoa, kwa kuwa picha ya kioo haikuwa na rangi, ilhali brashi iliweza kuonyesha rangi ya kitambaa, ya udongo wa ukuta na ya ua la porini.

Kilichomwezesha kuidumisha kazi hiyo ni mambo mawili. La kwanza ni malezi ya kijeshi, kwani jeshi la enzi hizo lilithamini ofisa aliyeweza kuchora mto, ngome au kilima mahali pasipokuwa na ramani. La pili, ambalo huzungumzwa mara chache, ni mwendo wa msafara wenyewe: misafara ya pwani ilizoea kuondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali, hivyo wakati wapagazi walipokwisha kutua mizigo yao, mchana uliobaki ulimwachia mchoraji nafasi. Utaratibu huo haukubuniwa na Wazungu. Ulikuwa desturi ya miaka mingi ya Wanyamwezi na Waswahili, na uliendeshwa na watu kama Sidi Mubarak Bombay, kiongozi na mkalimani ambaye tayari alikuwa ameifahamu njia ya Kaze, karibu na Tabora ya leo, tangu safari ya awali ya Speke akiwa na mvumbuzi Mwingereza Burton. Karatasi za Grant nazo zilibebwa mabegani mwa wapagazi, na katika hesabu yoyote ya haki ya kazi hiyo sharti nao watajwe.

Sehemu yenye utajiri mkubwa zaidi ni ile ya Karagwe, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Kagera. Msafara ulifika kwa Mfalme Rumanika mwezi Novemba 1861, na muda si mrefu mguu wa Grant ukapata kidonda kibaya, ambacho madaktari wa baadaye wamedhani kilikuwa kidonda cha Buruli, yaani ugonjwa wa bakteria unaokula ngozi na nyama. Speke alipoendelea kwenda Buganda mwezi Januari 1862, Grant alibaki nyuma, na hakuondoka Karagwe hadi Aprili, akiwa amebebwa kwenye machela. Mtu asiyeweza kutembea hawezi kuchagua mandhari ya kuchora. Huchora kile kinachomjia. Kwa sababu hiyo miezi hiyo haikutawaliwa na maporomoko ya maji wala uwindaji, bali na maisha ya kawaida ya jumba la mfalme na ya watu waliokuwa karibu naye.

Maradhi hayo yana athari nyingine katika kumbukumbu ya safari. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alipofika mahali ambapo Nile hutoka katika Ziwa Nyanza, Grant hakuwapo, kwa kuwa mguu wake ulikuwa bado dhaifu kwa mwendo wa haraka na alikuwa ametangulizwa kuelekea Bunyoro. Hivyo tukio ambalo Uingereza ililitukuza kuliko yote ndilo ambalo mchoraji wa msafara hakulishuhudia.

Pamoja na watu, Grant alishughulikia mimea. Alikusanya vielelezo, yaani mimea iliyokaushwa kwa ajili ya uchunguzi, akaandika majina ya wenyeji na matumizi yake kama chakula, dawa au kamba, na vielelezo hivyo vikachunguzwa na wataalamu wa bustani ya Kew kisha kuchapishwa na Jumuiya ya Linnean ya London katika miaka ya 1870. Hapa mazoea ya kuchora yanaonekana kuwa na manufaa ya moja kwa moja, kwani anayelazimika kuchora jani hulazimika kwanza kuhesabu mishipa yake na kutazama namna linavyoshikamana na kijiti.

Wasomaji wengi, hata hivyo, hawakuiona michoro hiyo kama ilivyokuwa. Kitabu cha Speke kilichotoka mwaka 1863 kilitangaza kwamba picha zake nyingi zilitokana na kazi ya Grant, lakini zilikuwa zimechorwa upya na Johann Baptist Zwecker, msanii Mjerumani aliyekuwa akiishi London, kisha zikachongwa kwenye vipande vya mbao ngumu ili zipakwe wino na kupigwa chapa pamoja na maandishi. Katika safari hiyo ya mikono rangi ilipotea yote, na mchoro uliofanywa haraka kambini ukageuzwa kuwa onyesho lililopangwa kwa macho ya msomaji wa Ulaya. Kitabu hichohicho kilieneza nadharia ya Speke kwamba watawala wa eneo la maziwa makuu walitoka Ethiopia na walikuwa watu wa asili tofauti na raia wao, nadharia isiyo na msingi ambayo baadaye iliwadhuru sana watu wa Rwanda na Burundi, na picha zilizochapishwa ndani yake zilisomwa chini ya kivuli cha nadharia hiyo.

Si kwamba Grant alikuwa huru na fikra za wakati wake, kwani naye alichora baadhi ya watu kama mifano ya makabila. Hata hivyo, mchoro uliofanywa mbele ya mtu aliyeketi hubeba mambo ambayo nadharia haikuyaagiza, kama vile msuko wa nywele, namna ya kufunga vazi au umbo la chombo, na hayo ndiyo anayoyatafuta mtafiti wa Karagwe au Unyamwezi wa kabla ya ukoloni. Michoro ya asili imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Jina la Grant hutajwa leo zaidi kwa sababu ya swala granti wa nyika za Tanzania na Kenya, wakati picha zinazoendelea kunakiliwa katika vitabu vya historia ni zile zilizochongwa London.