Leseni Haiuzwi Dukani

Msikilizaji, televisheni za Tanzania Bara zilianza mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa za kwanza. Siku hizo mambo yalikuwa mepesi: umenunua seti, umesimamisha antena, basi, kinachonaswa ni chako. Wenzetu wa Karagwe walishazoea hivyo kwenye redio, maana mpaka haukumzuia mkulima kusikiliza Kigali au Kampala.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia. Kikaja king'amuzi, nacho kina mwenyewe: ukiichoka kampuni, unakiweka kabatini na kununua kingine. (Redio ya mbao ya babu yangu haikuwa na ubaguzi huo.) Na kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa, ambako mawimbi ya ardhini hukwama, dishi ndilo lenye maana.

Halafu ikaja Agosti 2018. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilishikilia kwamba leseni za Azam, DStv na Zuku ni za televisheni za kulipia, haziruhusu kubeba chaneli za ndani za bure. ITV, Channel Ten na Star TV zikatoweka kwenye madishi.

Sibishani na usomaji wa leseni. Nabishana na biashara yenyewe: dukani mtu huuziwa chaneli, leseni haonyeshwi. Mtu wa Nkwenda aliyezitaka tena chaneli zile alibakiwa na king'amuzi cha antena, yeye aliyenunua dishi kwa sababu antena haishiki.