Gondokoro Haikufa, Ilikuwa Ikilima

Vitabu vya safari za Nile huizika Gondokoro mapema. Februari 1863 wavumbuzi Speke na Grant wanawasili kutoka kusini na kumkuta Samuel Baker aliyekuja kuwatafuta. Tarehe 26 Mei 1871 Baker huyo huyo, sasa akiwa na jeshi la Khedive wa Misri, anapandisha bendera na kupaita Ismailia. Mwaka 1874 Gordon, aliyeshika nafasi ya Baker, anahamishia makao Lado, na hadithi inakoma. Msomaji anabaki akidhani palikuwa kituo tu, kikafa wageni walipofunga mizigo. Lakini cha kupita kilikuwa kituo. Kilichodumu ni kilimo cha Wabari, wenyeji wa hapo, na bila hicho kituo kisingesimama hata msimu mmoja.

Shahidi wa kwanza ni Baker mwenyewe, ingawa hakukusudia. Alifika na askari zaidi ya elfu moja, akataka kununua ng'ombe na nafaka, Wabari wakakataa kuuza. Walikuwa na sababu: tangu msafara wa Wamisri wa 1841 ufungue njia ya mto, wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa walikuwa wamekwisha kuwafundisha mgeni ni nani. Baker akaivamia Belinian, mashariki ya mto, kufuata mtama. Anaeleza vihenge vilivyosukwa kwa fito na kuinuliwa juu ya nguzo, vimejaa nafaka. Mtu anaweza kusema mvamizi hutia chumvi utajiri wa anayemvamia. Ni kweli, ila jeshi halishibi chumvi: askari wale walikula mtama ule. Nchi iliyotajwa kuwa ya ukiwa ilikuwa na akiba, na nidhamu ya kuilinda.

Pingamizi zito zaidi ni la mahali. Kituo cha zamani kilikuwa ukingo wa mashariki, ilhali Gondokoro ya leo ni kisiwa mkabala na Juba. Tena si kila anayelima huko ni Mbari, maana vita vimehamisha watu wengi. Nakubali yote mawili. Hata hivyo mto wenye mikondo inayohama hauheshimu ramani, na wakulima wake huufuata. Wala ugeni si ushahidi wa mkatiko: kwa desturi ya Wabari, mwenye ardhi, monye kak, ndiye aliyetambuliwa kuwa na kauli juu ya nani alime wapi, kwa hiyo kupokea wageni kulikuwa na utaratibu wake. Serikali ndizo zilizobadilika kama mashati. Hadi 1914 Gondokoro ilihesabiwa Uganda, kisha ikawa Sudan, na tangu 2011 ni Sudan Kusini.

Juba yenyewe ni mdogo wa Gondokoro. Waingereza waliijenga mwishoni mwa miaka ya 1920 ichukue nafasi ya Mongalla, na Wabari waliokuwa pale wakasogezwa kupisha mji. Leo bamia, mlenda na kunde za kisiwani huvushwa kwa mashua kwenda kuuzwa mjini, huku mji ukitamani viwanja. Wanaopima ardhi waanze kwa kuwauliza wakulima hao ni sehemu zipi Nile huzifunika inapofurika, kabla hawajachomeka kigingi hata kimoja.