Usiku wa Harry Potter: watu wengi dukani, faida kidogo

Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 21 mwezi wa saba mwaka 2007, maduka mengi ya vitabu huko Uingereza na Marekani hayakufunga milango. Wafanyakazi walibaki kazini usiku, na nje kulikuwa mlolongo mrefu wa watoto, vijana na wazazi wao. Ninyi jamaa mliohama makwenu mnaijua milolongo: ya maji, ya unga, ya kuandikisha majina. Huu ulikuwa mlolongo wa kitabu.

Kitabu hicho ni Harry Potter and the Deathly Hallows, cha 7 na cha mwisho katika hadithi ya kijana anayesomea uchawi shuleni. Mwandishi wake ni mama Mwingereza, J. K. Rowling. Kitabu cha kwanza kilitoka tarehe 26 mwezi wa sita mwaka 1997, na mara ya kwanza zilichapwa nakala 500 tu zenye jalada gumu. Sifa zilienea kwa midomo ya watoto wenyewe. Mwaka 1999, kitabu cha 3 kilipotoka Uingereza, kilianza kuuzwa saa 9 na dakika 45 alasiri, ili watoto wasitoroke masomo. Kuanzia kitabu cha 4, mwaka 2000, ikawa ni saa sita ya usiku.

Kwa mfanyakazi wa duka, kazi ilianza kabla ya usiku huo. Makartoni yalifika yamefungwa, na wenye maduka walikuwa wametia sahihi kwamba hakuna kitakachofunguliwa wala kuuzwa kabla ya saa iliyopangwa. Kwa hiyo muuzaji alilinda mzigo ambao yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuusoma. Mteja akimbembeleza, jibu lilikuwa moja: ngoja kama wenzako. Mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini wangejua mwisho wa hadithi usiku uleule.

Siri hiyo haikukaa salama kila mahali. Siku chache kabla, picha za kurasa zilionekana kwenye intaneti, na duka moja la Marekani linalouza kwa njia ya intaneti lilituma nakala mapema. Kampuni ya Scholastic, iliyochapisha kitabu huko Marekani, ilifungua mashtaka. Lakini maduka mengi yalitunza ahadi mpaka saa yenyewe.

Saa ilipofika, makartoni yalipasuliwa na kazi ikawa ya mikono: kutoa kitabu, kupokea pesa, kumwita anayefuata. Katika saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala milioni 8.3 Marekani na zaidi ya milioni 2.6 Uingereza.

Mtu angefikiri kwamba wenye maduka madogo walitajirika usiku huo. Sivyo ilivyokuwa. Huko Uingereza bei iliyoandikwa kwenye kitabu ilikuwa pauni 17 na peni 99. Maduka makubwa ya chakula yaliamua kukiuza kwa hasara, ili kuvuta watu waje kununua pia mkate na maziwa. Kampuni ya Asda ilikiuza kwa pauni 5. Bei hiyo ilikuwa chini hata ya ile ambayo duka dogo lilikinunulia, na wenye maduka wengine walikwenda supamaketi kujinunulia nakala za kuuza. Waliokesha na watoto waliondoka na furaha ya usiku huo, na pesa kidogo sana.

Chanzo chake ni cha zamani. Tangu mwaka 1900, wachapishaji na wauza vitabu wa Uingereza walikuwa na mapatano kwamba kitabu kisiuzwe chini ya bei ya mchapishaji. Mapatano hayo yalivunjika mwaka 1995. Toka hapo mwenye nguvu alipunguza bei atakavyo.

Ufaransa ilishika njia nyingine. Sheria ya mwaka 1981, inayoitwa kwa jina la waziri Jack Lang, inakataza muuzaji kupunguza bei ya kitabu kipya kwa zaidi ya asilimia 5. Tafsiri ya Kifaransa, iliyofanywa na Jean-François Ménard, ilitoka tarehe 26 mwezi wa kumi mwaka 2007. Wasomaji wa Kifaransa, na sisi Wakongomani tukiwa miongoni mwao, tulingoja miezi mitatu zaidi. Lakini huko Ufaransa duka dogo la mtaani na supamaketi viliuza kitabu kilekile kwa bei karibu sawa, na aliyekesha alipata fungu lake.

Kila mama anayepanga bidhaa zake chini sokoni analijua jambo hili: meza iliyozungukwa na watu siyo lazima iwe meza yenye faida. Tofauti ya wauza vitabu wa nchi hizo mbili haikuwa bidii, kwa kuwa wote walikesha. Ilikuwa sheria ya bei.