Kumbukumbu kama Ndwele: Filamu ya Mapenzi ya Marekani, 1937–2004

Wahenga walinena: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Eternal Sunshine of the Spotless Mind (2004), ramsa iliyoandikwa na Charlie Kaufman na kuongozwa na Michel Gondry, imejengwa juu ya kinyume cha kauli hiyo. Ndani yake yaliyopita ni ndwele hasa, yenye daktari, vifaa na malipo. Makala haya yanadai kwamba uzito wa filamu hii hauonekani barabara mpaka iwekwe katika historia ya utanzu wake.

Kanuni za Uzalishaji za Hollywood, zilizopitishwa mwaka 1930 na kutekelezwa kwa ukali kuanzia 1934, zilikataza uzinzi kusawiriwa kwa namna ya kuvutia. Watunzi walipata mwanya: mke na mume wakitengana kisha wakarudiana, mtazamaji hupata bashasha za uchumba bila ndoa kudhalilishwa. Ndivyo ilivyo katika The Awful Truth (1937) ya Leo McCarey, ambamo Irene Dunne na Cary Grant wanaigiza wanandoa wanaongojea talaka yao ikamilike. Mwanafalsafa Stanley Cavell, katika Pursuits of Happiness (1981), aliuita mkondo huu ramsa ya kuoana upya, akasisitiza kwamba wapenzi hurejeana kwa mazungumzo na kusameheana.

Usahaulifu uliingia kwa mlango mwingine. Katika Random Harvest (1942) ya Mervyn LeRoy, ambayo si ramsa, askari wa Vita Vikuu vya Kwanza aliyepoteza kumbukumbu anaoa. Kisha ajali ya barabarani inamrejeshea maisha yake ya awali na kumsahaulisha mkewe. Mke anakuwa katibu wake, akisubiri atambuliwe. Hapa kusahau ndiko ndwele, na kukumbuka ndiko tiba.

Kaufman na Gondry wanaupindua uhusiano huo. Clementine (Kate Winslet) anailipa kampuni ya Lacuna imfute Joel (Jim Carrey) akilini mwake. Joel anapogundua, naye anataka afutiwe Clementine. Lacuna ni neno la Kilatini ambalo wahariri wa miswada ya kale hulitumia kuelezea pengo katika matini. Ufutaji huanzia kumbukumbu za karibuni, zilizojaa uchungu, ukirudi nyuma hadi siku za kwanza. Kwa hiyo mbinu rejeshi si pambo la usimulizi, bali ni tukio lenyewe: Joel anaufikia utamu wa penzi lake katika saa ya kulipoteza, na hapo anabadili nia akiwa usingizini.

Anwani ya filamu imetoka katika shairi la Alexander Pope, “Eloisa to Abelard” (1717), linalomhusu mtawa asiyeweza kumsahau mpenziwe. Mary, mfanyakazi wa Lacuna, analinukuu shairi hilo mbele ya daktari anayemhusudu, asijue kwamba waliwahi kupendana na kwamba yeye mwenyewe alifutiwa penzi hilo. Kusahau hakukumponya, kulimrudisha palepale. Anapojua, anawarudishia wagonjwa wote kanda na faili zao.

Kwa njia hiyo Joel na Clementine, waliokwisha kukutana upya, wanasikia sauti zao wenyewe zikikashifiana. Hata hivyo wanakubali kuendelea. Mhakiki anaweza kuusoma mwisho huu kama duara la kukata tamaa. Lakini Mary alirudia bila kujua, ilhali hawa wanarudia wakijua. Wapenzi wa 1937 walisameheana waliyoyakumbuka, ndani ya kanuni zilizoilinda ndoa. Kanuni hizo ziliachwa mwaka 1968, na hawa wawili hawashurutishwi na sheria wala watazamaji. Wanasameheana wasiyoyakumbuka, na ambayo huenda yakatendeka tena. Filamu hii basi haiubatilishi usemi wa wahenga, ila inauwekea sharti: hawezi kuganga yajayo asiyeyajua yaliyopita.