Ushauri kwa wanaoanza gofu Migori na Homa Bay

WAKAZI wa Migori na Homa Bay wanaotamani kujifunza gofu hukabiliwa na kikwazo cha safari kabla hata ya kushika fimbo. Viwanja vinavyojulikana vilivyo karibu ni cha Kisii Sports Club na cha Nyanza Golf Club mjini Kisumu, na nauli ya kila wikendi si haba.

Kwa sababu hiyo, mwanagofu chipukizi asikimbilie kununua seti nzima ya vifaa. Sheria humruhusu mchezaji kubeba fimbo zisizozidi 14, lakini anayeanza hutosheka na nne au tano: chuma nambari 7, chuma nambari 9, ya kuinua mpira kutoka mchangani, na ile ya kuusukuma hadi shimoni. Zilizotumika zinafaa kabisa, mradi urefu wake ulingane na kimo chako.

Mazoezi mengi yanaweza kufanyiwa nyumbani. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, hivyo mkebe uliofukiwa katika ua uliofyekwa vizuri unatosha kwa mikwaju mifupi. Wengi hudharau mikwaju hii, wakavutiwa na ile ya mbali inayoshangiliwa; ilhali mkwaju wa hatua mbili huhesabiwa sawa na wa mita 200.

Mikwaju mirefu nayo isijaribiwe katika uwanja wa shule ambamo watoto wanacheza kandanda. Mpira wa gofu ni mgumu na unaweza kumpofusha mtu. Tumia mipira myepesi ya plastiki, kisha umlipe mkufunzi masomo machache ya awali, kwani kosa la mshiko likizoeleka ni vigumu kuling'oa.

Ukifika klabuni, uliza mapema kuhusu ada ya wasio wanachama na mavazi. Klabu nyingi hudai shati lenye kola na hukataa suruali za jinzi. Msikilize kedi, maana anaujua mteremko wa kila shimo. Tangu 2019, muda wa kutafuta mpira uliopotea ni dakika tatu, si tano tena. Kisumu husimuliwa kuwa na kanuni ya zamani iliyomruhusu mchezaji kuangusha mpira mwingine bila adhabu iwapo wake umetua karibu na kiboko au mamba!

Hatari isiyo ya mzaha ni radi. Ukanda wa Ziwa Victoria na nyanda za Kisii hupigwa na radi mara nyingi, hasa alasiri. Anza kucheza asubuhi. Ukisikia ngurumo, acha mchezo hata kama limesalia shimo moja, weka chini fimbo na mwavuli, na uingie katika jengo imara au gari lililofungwa. Usijikinge chini ya mti. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urejee uwanjani.